Kura Tatu za Tabora: Kwa Nini Tanganyika Haikuwa Taifa la Walowezi

Mkutano mkuu wa mwaka wa TANU uliofanyika Tabora mwezi Januari 1958 hufundishwa shuleni kwa jina la Uamuzi wa Busara. Wanafunzi wengi humaliza somo hilo wakijua kwamba chama kilikubali kuingia katika uchaguzi wenye masharti ya kuudhi, kwamba Mwalimu Julius Nyerere ndiye aliyewashawishi wajumbe, na kwamba ushindi ulipatikana. Masimulizi hayo hayana uongo, lakini yanakifanya kisa kizima kuwa habari ya mbinu za uchaguzi tu. Lililokuwa mbele ya wajumbe wale lilikuwa swali zito zaidi: taifa lililokaribia kuzaliwa lilikuwa la nani, na Wazungu waliolowea nchini wangekuwa na nafasi gani ndani yake? Katika makoloni mengi yaliyokaliwa na walowezi, swali hilo lilijibiwa na walowezi wenyewe. Tanganyika ililijibu kwa njia nyingine, na sehemu kubwa ya jibu hilo ilipatikana hapa Tabora.

Namna walowezi wanavyojiona kuwa taifa

Hakuna mlowezi aliyeshuka melini akiwa na taifa jipya tayari kichwani. Alifika akiwa Mwingereza, Mfaransa au Mdachi, akaendelea kusali, kula na kusoma habari kama watu wa kwao. Hisia ya kuwa mtu wa nchi nyingine ilikuja polepole, mara nyingi katika kizazi cha pili, mtoto aliyezaliwa ugenini alipoanza kusikia wazazi wake wakitaja kwao mahali ambapo yeye hajapata kupaona. Hata hivyo kuzaliwa nchini peke yake hakujatosha popote kuwafanya walowezi kuwa taifa. Nikiyalinganisha makoloni haya naona kwamba jambo lililoamua lilikuwa chombo cha kujisemea, yaani baraza ambalo walowezi walichagua wajumbe wao wenyewe, likatunga sheria za ardhi na za kazi, na wajumbe wake hawakuhitaji kuomba kura kwa mtu mwingine yeyote.

Rhodesia ya Kusini ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Msafara wa kwanza wa walowezi uliingia mwaka 1890 chini ya kampuni ya Cecil Rhodes, na vita vya 1896 na 1897 dhidi ya Wandebele na Washona viliwapa kumbukumbu waliyoitumia miaka yote kujieleza kuwa watu walioipata nchi kwa damu. Mwaka 1922 waliulizwa kama wangependa kuungana na Afrika Kusini au kujitawala, na kura 8,774 dhidi ya 5,989 zikachagua kujitawala. Waliopiga kura hizo karibu wote walikuwa Wazungu, ingawa nchi ilikuwa na Waafrika wengi mno kuliko wao. Mwaka uliofuata walipata serikali yao, na sheria ya mgawanyo wa ardhi ya mwaka 1930 iliwatengea takriban nusu ya nchi. Watu waliojichagulia wajumbe, waliojitungia sheria na kuzilinda kwa polisi wao hawakuchukua muda mrefu kujiita Warhodesia kwa dhati.

Australia ilipita njia hiyohiyo kwa utulivu zaidi juu ya karatasi, ingawa wenyeji wake hawakuona utulivu wowote. Makoloni sita yaliyoanzia kwenye kituo cha wafungwa cha mwaka 1788 yaliungana tarehe 1 Januari 1901, na mojawapo ya sheria za kwanza za bunge jipya ilikuwa ya kuwazuia wahamiaji wasio Wazungu. Katiba yao iliagiza kwamba wenyeji wa asili wasihesabiwe katika hesabu ya watu, kifungu ambacho kiliondolewa kwa kura ya maoni ya mwaka 1967. Taifa lilijitambulisha kwanza kwa kusema ni nani asiye wake. Algeria, kwa upande wake, ilikuwa na walowezi wapatao milioni moja, wenye namna yao ya kusema Kifaransa na fahari kubwa ya kuwa wazaliwa wa pale, lakini kisheria walikuwa sehemu ya Ufaransa na wabunge wao walikaa Paris. Ufaransa ilipokubali uhuru wa Algeria mwaka 1962 hawakuwa na dola yao ya kusimamia, na wengi wao wakahama katika mwaka huohuo.

Nchi yenye walowezi wachache na wasioelewana

Tanganyika haikukosa walowezi. Wajerumani walifungua mashamba ya mkonge Tanga na ya kahawa kaskazini, Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika maeneo ya Arusha mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye wakaja Wagiriki na Waingereza. Walichokosa ni sauti moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walinyang'anywa mashamba yao, na nchi ikawekwa chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa wa zamani mwaka 1922, kisha chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa wa sasa mwaka 1946. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana, na mgeni akapewa haki ya kukaa na kulima kwa muda usiozidi miaka 99 badala ya umiliki wa milele. Sheria hiyo haikuzuia dhuluma. Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu mwaka 1951 ili ardhi yao igawiwe Wazungu, na Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Lakini walowezi hawakuweza kusema, kama wenzao wa Rhodesia walivyosema, kwamba ardhi ni yao kisheria.

Jaribio la kuwaunganisha walowezi wa eneo zima lilifanyika mwaka 1925, Lord Delamere wa Kenya alipowaita wawakilishi wa walowezi wa nchi kadhaa kukutana Tukuyu. Ndoto yake ilikuwa dola kubwa ya Wazungu katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na kwa upande wa Tanganyika haikufika popote. Hapa magharibi, kitu pekee kilichokaribia kufanana na mashamba makubwa ya kizungu kilikuwa mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ambao ulitelekezwa mwaka 1951 baada ya kuigharimu Uingereza takriban pauni milioni 36. Wazungu waliokuja Urambo kwa mpango huo walikuja kama waajiriwa wenye mikataba, na mikataba ilipokwisha wengi waliondoka.

Inafaa kukumbuka pia kwamba Tabora ilikuwa imewahi kuishi na walowezi wa aina nyingine. Wafanyabiashara Waarabu na waungwana wa pwani walilowea Kaze, katika utemi wa Unyanyembe, katikati ya karne ya 19. Walikuwa na bunduki, watumwa na mtaji, na mnamo mwaka 1860 waliingilia ugomvi wa utemi, wakamwondoa Mnywa Sele na kumsimamisha Mkasiwa. Walikuwa na nguvu ya kumweka mtemi wanayemtaka, lakini bado waliuhitaji utemi, na hawakuunda chombo cha utawala kilichokuwa chao pekee. Waliooa na kuzaa hapa wana wajukuu ambao leo ni watu wa Tabora tu, na miembe iliyopandwa wakati wao haiulizwi kabila. Silitaji hilo ili kuusafisha utumwa walioufanya. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba kulowea hakuzai taifa tofauti pasipo taasisi ya kuwatenga walowezi na wengine.

Hesabu ya kumi, kumi na kumi

Gavana Edward Twining, aliyekuja mwaka 1949, aliona kwamba walowezi wa Tanganyika hawangeweza kujitawala kama wa Rhodesia, na hakutaka Waafrika watawale peke yao. Akabuni njia ya tatu, siasa ya ubia wa rangi. Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria lilipewa wajumbe 30 wasio wa serikali, kumi Waafrika, kumi Waasia na kumi Wazungu. Wakati wa hesabu ya watu ya mwaka 1957 nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 8 na nusu, Waasia zaidi ya 70,000 na Wazungu takriban 20,000, na wengi wa hao Wazungu walikuwa watumishi wa serikali, wamisionari na waajiriwa wa makampuni. Chama cha United Tanganyika Party kiliundwa mwaka 1956 kuitetea siasa hiyo dhidi ya TANU.

Mpango huo ulidai kwamba nchi ina jamii tatu zilizokamilika, kila moja ina heshima sawa na nyingine, na kwamba Mzungu au Mhindi anaingia katika siasa akiwa mwakilishi wa damu yake. Wazungu 20,000 walikuwa wanapewa uzito wa taifa bila ya kuwa taifa. Ninaamini huu ndio uliokuwa ubaya mkubwa zaidi wa mpango, kuliko hata udhalimu wa hesabu, kwa sababu hesabu mbaya inaweza kurekebishwa katika uchaguzi unaofuata, ilhali watu wakishazoeshwa kuingia bungeni kwa milango mitatu huendelea kuidai milango hiyo kizazi baada ya kizazi.

Uchaguzi wa kwanza ulipotangazwa, masharti yakawa kwamba mpigakura awe na kiwango maalumu cha elimu, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, ambazo zilikuwa shilingi 3,000, au awe anashika wadhifa uliotajwa na sheria. Kila jimbo lingekuwa na viti vitatu, cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Wapigakura wote waliandikwa katika daftari moja, na kila mmoja alilazimika kupiga kura tatu, moja kwa kila rangi, la sivyo karatasi yake ingeharibika.

Mjadala wa Tabora

Wajumbe walipokusanyika Tabora mwezi Januari 1958, hasira ilikuwa kubwa na ilikuwa na sababu. Nyerere alikuwa amepigwa marufuku kuhutubia hadhara mwaka uliotangulia, na mwezi Desemba 1957 alikuwa amejiuzulu ujumbe wa kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria baada ya kuona kwamba hakuna anachosikilizwa. Mji wenyewe ulifaa kwa mjadala wa namna hii. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, njia ya Mwanza ikaongezwa baadaye, na kwa hiyo makarani, mafundi na wachuuzi wa kila kabila walikuwa wamezoeana hapa muda mrefu. Nyerere mwenyewe alisoma Tabora tangu mwaka 1937, na baadaye akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria mjini humuhumu.

Hoja ya kukataa iliongozwa na Zuberi Mtemvu, na haistahili kudharauliwa kama inavyodharauliwa. Kwa nini chama cha wananchi kishiriki mchezo ambao sheria zake zinasema Mzungu mmoja ana uzito wa Waafrika zaidi ya mia nne? Kushiriki kungeonekana kuwa ni kukubali. Zaidi ya hayo, wanachama wengi wa TANU wasingeruhusiwa hata kupiga kura, kwa maana wakulima, wachuuzi na wanawake walioijenga TANU kwa miguu yao hawakuwa na shilingi 3,000 za kipato wala vyeti. Mwanachama aliyelipa ada na kuficha kadi yake asionwe na watu wa serikali alikuwa anaambiwa akae pembeni, na karani anayemwogopa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, ndiye aende kupiga kura kwa niaba yake.

Nyerere alijibu kwamba TANU ikisusa, viti vyote vitakwenda kwa wapinzani wake, na serikali itakuwa na haki ya kusema kwamba wananchi wamechagua siasa ya ubia wa rangi. Mkutano ulikubali kushiriki, ukaambatanisha dai kwamba serikali ya madaraka ipatikane kabla ya mwisho wa mwaka 1959, la sivyo chama kingechukua hatua za wazi zisizo za kumwaga damu. Mtemvu alijitoa na kuunda chama cha African National Congress, chenye msimamo kwamba Afrika ni ya Waafrika peke yao.

Jinsi karatasi ilivyomgeukia aliyeiandika

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na mafunzo kwa yeyote anayechunguza makoloni ya walowezi. Nchini Kenya, Wazungu walichagua wajumbe wao tangu mwaka 1920 kwa kura za Wazungu, na mjumbe wao alijua kwamba akimfurahisha mkulima wa Nakuru atarudi barazani. Twining naye aligawa viti kwa rangi, lakini hakugawa wapigakura. Huenda alitumaini kwamba daftari moja lingewaleta Waafrika wapole, wenye mishahara, ambao wangechagua Wazungu wapole wa United Tanganyika Party. Aliyatupia macho masharti ya elimu na kipato, asiupime uzito wa daftari moja.

Kwa kuwa kila mpigakura alilazimishwa kumchagua Mzungu, na kwa jumla waliokuwa wengi katika daftari walikuwa Waafrika, Mzungu aliyetaka kiti alihitaji kura za Waafrika, na kura hizo zilifuata agizo la TANU. Mgombea akajikuta anapaswa kuwaeleza watu wa nchi nzima kwa nini yeye ni mwenzao. Sharti lililokusudiwa kulinda utengano wa rangi ndilo lililouvunja, na lilivunja kitu kilekile ambacho Rhodesia ilikuwa nacho, yaani kundi la walowezi linalojichagulia msemaji na kumwajibisha lenyewe. TANU ingesusa, kura tatu za kila karatasi zingepigwa na watu wasio na agizo la pamoja, na hapo kiti cha Mzungu kingeweza kweli kuwa kiti cha walowezi.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Wagombea wa TANU na wale walioungwa mkono nayo walivikusanya viti, na United Tanganyika Party ikatoka bila kitu na kufifia. TANU wakati huo ilikuwa bado haipokei wanachama wasio Waafrika, kwa hiyo ilimbidi iwaunge mkono Wazungu na Waasia ambao haikuweza kuwapa kadi. Miongoni mwao walikuwa Derek Bryceson, mkulima wa kaskazini, Lady Chesham, Sophia Mustafa na Amir Jamal. Wajumbe wote waliochaguliwa wakaunda umoja wao barazani chini ya uenyekiti wa Nyerere, na hapo hesabu ya kumi, kumi na kumi ikapoteza maana, kwa sababu wote waliongea kauli moja. Machi 1959 Gavana mpya, Richard Turnbull, alitangaza mawaziri watano kutoka kwa wajumbe hao, nao walikuwa Mtemi Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, George Kahama, Solomon Eliufoo, Jamal na Bryceson. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71.

Waliobaki nje, na yaliyobaki bila jibu

Uamuzi wa Tabora ulikuwa na gharama, na simulizi linaloificha gharama hiyo halitusaidii. Masharti ya elimu yaliwabeba waliosoma shule za misheni na za serikali, na kuwaacha nje watu wengi wa miji ya pwani, Ujiji na Tabora yenyewe ambao elimu yao ilikuwa ya madrasa. Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU, aliinua jambo hilo mwaka 1958 na akafukuzwa chamani. Wasiwasi wake ulihitaji kujibiwa kwa hoja. Kufukuzwa kwake kuliufunga mjadala bila kuumaliza, na manung'uniko hayo yamesikika mara nyingi tangu hapo.

Swali la rangi nalo lilirudi mlango wa nyuma. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa tarehe 9 Desemba, wajumbe kadhaa wa Baraza walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alisimama na kusema kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kuandika ubaguzi wa rangi katika sheria. Sheria iliyopita ilimfanya raia mtu aliyezaliwa Tanganyika na kuwa na mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika, bila kutaja rangi yake, na wengine wenye sifa wakaruhusiwa kuomba kuandikishwa. Bila Tabora ya 1958 sidhani kama msimamo huo ungewezekana kisiasa, kwa kuwa wapigakura walikuwa wameshawachagua Wazungu na Waasia kwa mikono yao na nchi ilikuwa imeshazoea kuwaona mawaziri hao wakiitumikia.

TANU ilifungua uanachama kwa watu wa rangi zote mwaka 1963. Mwanzoni mwa Januari 1964 Nyerere alitangaza mwisho wa upendeleo wa Waafrika katika ajira za serikali, na kabla mwezi haujaisha wanajeshi wakaasi, kwanza Dar es Salaam na kesho yake katika kambi ya Tabora. Madai yao yalikuwa mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Hasira dhidi ya Mzungu mwenye cheo haikuwa imekwisha kwa sababu ya sheria ya uraia. Wala hofu ya Wahindi haikuwa imekwisha, na serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha mwaka 1971, wengi wa waliopoteza walikuwa familia za Kiasia, baadhi yao raia, na maduka yaliyofungwa baada ya hapo yaliacha pengo katika miji kama yetu. Mtemvu, kwa upande wake, alisimama dhidi ya Nyerere katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1962 na akapata chini ya asilimia 2 ya kura.

Tofauti ya njia mbili ilionekana wazi mwaka 1965. Septemba mwaka huo Watanzania walipiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, bila viti vya rangi yoyote na bila sharti la kipato, na Bryceson katika jimbo la Dar es Salaam na Jamal katika jimbo la Morogoro walishindana na wagombea Waafrika wakashinda kwa kura nyingi. Tarehe 11 Novemba mwaka huohuo, serikali ya walowezi wa Rhodesia ikiongozwa na Ian Smith ilijitangazia uhuru wake yenyewe. Uingereza ilikataa kutumia nguvu kuizuia, na katikati ya Desemba Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na London, ikijua kwamba itapoteza mkopo iliokuwa imeahidiwa.